Maoni Niliyoyaficha Msimu wa Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hii hii nimetwishwa kazi nisiyoitaka.

Mshauri aliyekuja kutufundisha mambo ya mitandao ya kijamii kamaliza siku zake mbili, kaondoka. Katugawia kila mtu daftari. Eti tuandike tunavyoyapokea mabadiliko, mvua zikiisha atakuja kuyasoma. Haya, naandika. Lakini hili langu halisomi, akitaka anune.

Shirika letu ni dogo: karakana moja, vyumba viwili vya ofisi, gari moja. Tunawapa viti vya magurudumu watu wasioweza kutembea, vikiharibika tunavitengeneza. Mimi ni afisa habari. Hakuna neno linalotoka pale bila kupita mezani kwangu. Nalisahihisha, Bosi anatia saini, nagonga muhuri. Ndiyo maana wananiita Mzee Muhuri, na jina lenyewe nalipenda.

Sasa Bosi anasema tumefungua ukurasa mtandaoni. Watu watauliza, wafanyakazi wote watajibu. Na wa kuwazoesha wenzangu ni mimi.

"Wewe wanakuamini," kaniambia. "Ukikubali wewe, wote watakubali."

"Na nisipokubali?"

"Kubali kwanza, kununa utanuna ukifika kwako."

Nimefika kwangu, nimenuna. Mama watoto kaniuliza kulikoni, nikamwambia. Kacheka mpaka kashika ukuta. "Wewe? Wewe ambaye ujumbe wa kuniambia ninunue sabuni unaanza na 'Husika na kichwa cha habari hapo juu'?"

Jumatano, 5 Machi

Somo la kwanza, karakanani. Spana, dada yetu aliye fundi mkuu, kakaa juu ya tairi huku mikono ina grisi. Taratibu, dereva wetu, kasimama mlangoni kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Jina hilo kalipata kwa mwendo wake. Hata watembea kwa miguu humpita.

"Kila mtu atajibu maswali ya sehemu yake," nikasema. "Ila kabla ya kujibu, jibu linaletwa kwangu."

"Halafu?" Spana kauliza.

"Nalisahihisha, linakwenda kwa Bosi, linarudi, nagonga muhuri, linapigwa picha, linawekwa."

"Kaka, mbona hiyo ni barua ile ile, imevalishwa viatu vipya?"

Wamecheka. Taratibu kasema yeye simu yake ni ya kupigia na kupokelea, na kwamba mtu akiwa na shida naye ampungie mkono barabarani.

Niliona nimeshinda. Naandika ukweli: nilitaka ule ukurasa ushindwe. Niliwafundisha vibaya, makusudi.

Alhamisi, 13 Machi

Mtu kauliza juzi Jumatatu: "Mko wazi Jumamosi?" Jibu bado liko kwa Bosi.

Jumanne, 18 Machi

Jibu limetoka leo, lina muhuri na namba ya kumbukumbu. "Tunapenda kukufahamisha kwamba ofisi itakuwa wazi siku tajwa." Aliyeuliza kaandika chini yake alama za kicheko. Spana kapita na kikombe chake: "Mzee Muhuri, hiyo siku tajwa ilishapita, imeoga, imelala."

Ijumaa, 21 Machi

Viti vipya vimefika na vyote vimeshagawiwa. Vizuri, vyepesi, rangi ya bluu. Taratibu kavipeleka nyumba kwa nyumba. Nilivipiga picha hapa uani kabla havijaondoka, nimeziweka ukurasani. Pongezi zinamiminika. Hata mimi nimejikuta nafungua simu kila nikimaliza kumeza tonge. Mama watoto ananitazama tu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu asubuhi.

Leo chini ya zile picha, katikati ya pongezi, kuna mtu anajiita Bibi Sindano. Ni mshonaji, namkumbuka, mguu mmoja hana. Kaandika: "Asanteni kwa kiti. Ila breki zinateleza tairi likilowa. Nakaa kwenye mteremko. Naombeni mje muangalie."

Nilisoma mara mbili. Wafadhili walikuwa wameshaweka pongezi zao juu kidogo ya maneno hayo. Mshauri alitufundisha kitufe cha kuficha, kwa ajili ya matusi. Nikakibonyeza. Nikajisemea kesho nitamwambia Spana.

Ijumaa, 28 Machi

Sikumwambia.

Jumanne, 1 Aprili

Bibi Sindano tena. "Habari zenu. Niliandika wiki iliyopita kuhusu breki. Mvua ndiyo hii inazidi." Nimeficha. Na kijana mmoja wa upande wa pili wa mji kasema kitu hicho hicho, kwake kiti kimeteleza mpaka kwenye geti. Nimeficha na hilo.

Saa ya chai Spana kaniuliza, mdomoni ana kipande cha mkate: "Watu wanasemaje kuhusu viti vipya?"

"Wanashukuru."

"Wote?"

"Wote, dada. Watu wamefurahi mno."

"Mh. Mimi zile breki sikuzipenda. Kile kibanio ni chuma kitupu, laini kama kijiko. Basi, kama hawalalamiki, sawa."

Akaendelea kutafuna. Nilikuwa na nafasi hapo, kubwa kama mlango wa gereji. Nikanywa chai yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Bosi kanisifu mbele ya wote. Kasema ukurasa wetu ni msafi kuliko wa mashirika yote anayoyajua. Nimepigiwa makofi. Spana naye kapiga.

Jumatatu, 7 Aprili

Bibi Sindano: "Mnanisoma lakini?"

Nimeficha.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie mlangoni.

Asubuhi mvua inapiga kama imekodiwa. Kaingia binti, kalowa chapachapa, viatu kavishika mkononi. Dada wa mapokezi kamwambia karibu, kaa. Kasema hakai. Kasema yeye ni mtoto wa Bibi Sindano na anataka kumwona mtu anayesoma maoni.

Tukatoka wote. Bosi, mimi, Spana na spana yake mkononi. Taratibu alikuwa anakunja mwavuli.

"Mama yangu jana jioni alikuwa mlangoni anasubiri mvua ipungue," kasema binti. "Kavuta breki zote mbili. Kiti kikaondoka. Kimeshuka naye mteremko mzima mpaka mtaroni. Mkono umevunjika. Mkono wa kulia. Wa kushonea."

"Aliwaandikia. Zaidi ya mara moja aliwaandikia. Mimi nikamwambia mama, hawa watu wanakudharau, mbona wengine wanajibiwa? Kasema hapana, wana kazi nyingi, watakuja."

"Aliandika wapi, mdogo wangu?" kauliza Spana.

"Kwenye ukurasa wenu! Si hapa!" Katoa simu, kaifuta kwenye gauni ambalo nalo limelowa, kaishika juu. Na kweli, maneno ya mama yake yako pale, mstari kwa mstari.

Spana katoa yake. Kafungua ukurasa ule ule, picha ile ile. Kashusha, kapandisha.

"Kwangu hamna kitu," kasema.

"Kwangu yapo."

Wakaziweka zile simu mbili bega kwa bega juu ya meza ya mapokezi. Sote tukainama. Simu ya binti: breki, mteremko, mvua, mnanisoma lakini. Simu ya Spana: hongereni, hongereni, Mungu awabariki.

Hivyo ndivyo kile kitufe kinavyofanya kazi. Aliyeandika anayaona maneno yake yapo. Wengine hawayaoni. Mama wa watu alikuwa anatazama maneno yake kila siku, anaamini sote tumeyasoma na tumenyamaza. Nilikuwa najua. Mshauri alitueleza, na niliandika ndani ya jalada la daftari hili, nimelirudia sasa hivi: "kizuri, mtu hajui kama amefichwa."

"Itakuwa mtandao unasumbua," kasema Bosi. "Hali ya hewa hii."

Spana hakumwangalia Bosi. Kaniangalia mimi. Mimi nikaangalia mwavuli wa Taratibu unavyodondosha maji sakafuni.

Nikanyamaza. Nisijipambe hapa: nikanyamaza mpaka binti akavaa viatu vyake, akaondoka.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kwa Bosi kabla hajaketi. Nimemwambia yote. Kafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Spana kashahisi."

"Basi yaishie hapa. Kikao cha bodi ni mwisho wa mwezi ujao. Tutatoa taarifa fupi, nzuri, wewe mwenyewe utaiandika. Mpaka wakati huo, hapana neno."

"Mwisho wa mwezi ujao? Bosi, viti vyote vina breki zile zile. Mvua haisubiri kikao."

"Wafadhili wanauangalia ule ukurasa kuliko wanavyotuangalia sisi. Unataka karakana ifungwe? Unataka hao watu wakose hata kiti chenye breki mbovu?"

Kasogeza kiti chake karibu, kapunguza sauti, kaanza kuniita kaka. "Kaka, mimi nakulinda wewe. Fikiria watoto wako."

Kwa maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtu wa hewala bosi. Nimetoka mle ndani, nimekaa mezani kwangu, nimetazama muhuri. Uko pale pale, juu ya kidau chake cha wino. Nikagundua nina hasira, na kwa mara ya kwanza haikuwa hasira na mtandao.

Nyumbani nikamwambia mama watoto. Hakucheka. Kaendelea kukunja nguo, kisha kasema: "Usiniulize mimi ufanye nini. Unajua. Unatafuta mtu wa kukukataza."

Ijumaa, 11 Aprili

Nimewaita karakanani. Spana na mafundi wake, Taratibu, dada wa mapokezi. Bosi sikumwita.

"Leo ni somo la pili," nikasema. "La kwanza nilifundisha uongo."

Nikawaeleza. Kitufe, tarehe, maneno. Sikusema nilichanganyikiwa, sikusema nilitaka kulinda shirika. Nilisema nilitaka kuonekana msafi na nikamwachia mama mmoja mteremko peke yake.

Spana katupa spana yake chini. Ililia, ikasikika karakana nzima.

"Nilikuuliza. Nimekaa pale, nakula mkate, nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia wanashukuru."

"Ndiyo."

"Unajua kurekebisha zile breki ni kazi gani? Unakata mpira wa tairi kuukuu, unaugandisha na kuufunga kwenye kibanio. Chai haijapoa umemaliza. Chai haijapoa, Mzee Muhuri!"

Taratibu, mtu asiyepaza sauti hata akikanyagwa, kasema polepole: "Nyumba ya yule mama naijua. Kiti nilikibeba mwenyewe mpaka ndani. Kaninywesha maji. Ungeniambia, ningekwenda siku ile ile."

Hilo ndilo lililonimaliza. Maana ni kweli. Watu hawa hawakuwahi kuukataa mtandao. Walikataa barua zangu. Mtu akigonga mlango wao wanaamka. Mimi ndiye niliyesimama katikati ya mlango.

Nikatoa simu nikaanza kuyafichua yale maoni, moja baada ya jingine, nikiyasoma kwa sauti. La breki. La geti. La mnanisoma lakini. Dada wa mapokezi alikuwa analia.

Kisha nikaandika pale pale, nimesimama, mbele yao:

"Mimi ni afisa habari wa shirika hili. Watu walituandikia kwamba breki za viti vya bluu zinateleza zikilowa. Niliyaficha maoni yao. Mafundi hawakujua, dereva hakujua. Mama mmoja kaumia. Kama una kiti cha bluu, usikitegemee kwenye mteremko wakati wa mvua, kaa sehemu tambarare, tuandikie hapa uko wapi. Tunakuja. Sijaagizwa kuandika haya."

"Husahihishi?" kauliza Spana.

"Sisahihishi."

"Na muhuri?"

"Nao ukome."

Nikabonyeza. Hatukumaliza hata kuangaliana, simu ikaanza kulia kama kifaranga aliyepotea.

Matusi yalikuja kwanza, na ni haki yao. Nikawaambia wenzangu: msijibu kama barua. Jibuni kama mtu kasimama hapo mlangoni, kalowa. Spana kajibu wa kwanza: "Dada, mimi fundi. Uko mtaa gani?" Basi. Hakuna siku tajwa wala nini. Taratibu kaazima simu ya dada wa mapokezi, kaishika kama yai, kashindwa kuandika, akaonyeshwa pa kubonyeza ili aongee. "Haloo. Mimi dereva. Yule niliyekuletea kiti, nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango wako. Nakuja. Ila mwendo wangu unaujua, usinihesabie saa."

Yule mtu kajibu kwa sauti pia, anacheka: "Njoo baba, kichwa kilipona?"

Bosi katutokea wakati Taratibu anapakia vipande vya mpira garini. Kasoma simu yake, kanitazama. "Toa hiyo kitu."

"Sitoi."

"Nakuagiza."

"Nimekusikia, Bosi. Sitoi. Nimeshaficha vya kutosha."

Jumatatu, 14 Aprili

Nimesimamishwa kazi mpaka kikao cha bodi. Barua imeletwa na Taratibu, kwa masikitiko na kwa mwendo wake. Haikuwa na muhuri. Ijumaa niliondoka nao mfukoni bila kujua. Nimeiambia barua: wewe si halali. Mama watoto kasema nisiongee na karatasi, majirani watasikia.

Muhuri nimempa Taratibu arudishe.

Jumatano, 16 Aprili

Niko nyumbani. Mvua. Nimeosha vyombo, vibaya.

Jumatatu, 21 Aprili

Naufuatilia ukurasa kama mtu baki. Spana kaweka video: kamwagia kiti maji ndoo nzima, kavuta breki, kasukuma kwa kiuno. Hakuna aliyemsahihisha. Kasema "tairi hizi" kisha akasema neno moja ambalo mimi ningelikata. Viti vinarudi, vinatoka na mpira. Mfadhili mmoja kauliza kwa ukali, Spana kamjibu kwa ukali, mfadhili kaomba picha zaidi. Taratibu sasa ana watu wanaomsubiri aongee. Kasema muhuri alimrudishia Bosi, Bosi akasema auweke popote, na mlango wa karakana ulikuwa unajifunga na upepo, basi kauzuia nao.

Sijui nicheke ama vipi. Nimecheka.

Bibi Sindano hajaandika kitu. Yeye ndiye ninayemsubiri.

Jumatatu, 28 Aprili

Kaandika. Si kwangu, ukurasani, mbele ya watu wote:

"Nimesoma. Bado nina hasira. Kiti mje mkitengeneze, lakini na yule mfichaji aje."

Mama watoto kasoma begani kwangu. "Vaa viatu visivyoteleza," kasema.

Jumatano, 30 Aprili

Tumekwenda mvua inanyesha. Taratibu kaendesha, Spana kakaa mbele, mimi nyuma na vipande vya mpira. Tangu siku ile Spana hasemi nami ila kwa lazima. Njiani kasema, "Shika vizuri hiyo gundi." Nikaishika vizuri.

Mteremko wenyewe sikuwahi kuuona. Picha nilizopiga zilikuwa za ndani ya uzio wetu, penye sakafu. Huu unaanzia kizingitini kwake, umenyooka, umelowa, unang'aa, na chini kabisa kuna mtaro usio na mfuniko.

Bibi Sindano alikuwa ndani, kwenye kiti cha mbao, mkono kwenye bandeji. Mashine ya kushona imefunikwa shuka. Ni mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa nadhani tunalingana.

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa unasoma?"

"Nilikuwa nasoma. Kila mara."

"Mwanangu alisema mnanidharau. Mimi nikawatetea." "Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono."

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, mazuri, yamepangwa. Nikayaacha. "Nisamehe," nikasema. "Na usiponisamehe, ni sawa."

"Sijakuuliza kama ni sawa."

Spana kafunga mipira, kaivuta, kaibana. Kamwaga maji. Kasema tayari. Bibi Sindano kakitazama kiti, kautazama mlango, kanitazama.

"Kitoeni nje," kasema. "Kigeuzeni kiangalie chini. Kaa wewe kwanza."

Taratibu kageuka ghafla. "Mama, huyu ni mzito..."

"Mimi nilikaa," kasema yeye.

Binti katoa simu. Kauliza kama nina neno. Nikasema rekodi, na liende hivyo hivyo lilivyo, hata likienda vibaya. Hasa likienda vibaya.

Nikakaa. Mvua ikaanza kuniingia shingoni. Kutoka kwenye kiti dunia inaonekana nyingine, mtaro unakuja karibu. Nikavuta breki ya kulia, nikavuta ya kushoto. Spana alikuwa kashika mpini nyuma yangu. Nilihisi pumzi yake juu ya kichwa changu.

"Nikuachie?" kauliza. Swali lake la kwanza kwangu tangu lile la muhuri.

"Achia."

Akaachia.

Kiti hakikusogea.

Tulikaa hivyo, mvua na mimi, mpaka Bibi Sindano mwenyewe, kutoka mlangoni, akasema: "Haya, ondoka. Hicho ni changu."